Jaribu Tena

Nimemuua mara saba tangu Jumatatu,
mama yule wa ndani ya miwani.
Damu yake haina harufu. Haichafui viatu.
Nikikosea, anafumba macho,
kisha maandishi: Jaribu tena.

Mwalimu Nanjala hucheka: "Makosa yote yamalizie humo."

Leo usiku, wodi ya Bungoma, stima imepotea,
mvua inapura mabati kama gunia la mahindi.
Mama wa Kimilili kanishika kifundo cha mkono;
ana kucha, ana jina, ananuka moshi wa kuni.
Mtoto kashalia.
Damu inashuka, ina joto.

Mikono inanitangulia:
kanda tumbo, sindano, kanda, hesabu.
Jicho linatafuta pembeni mwa giza
yale maandishi.

Hayapo.
Nakanda.