Pikapu ya Shingoni

"Natafuta pikapu," nikasema,
na kijana wa vipuri pale Mwembe Tayari
akauliza: ya mwaka gani, na bima inayo?
Nikamwonyesha gitaa. Alicheka mpaka akakalia tairi.
"Hiyo mpelekee Bi Mwanasiti, Tudor,
yule asukaye mota za feni."

Kwake mapangaboi yamelazwa sakafuni
kama kaa waliopinduliwa,
kila moja na chaki ya mwenyewe:
Madrasa. Mama Kadzo.
Kinyozi wa Bondeni, hajalipa.

"Wataka sauti gani?"

Nilikuja na jibu la kukariri:
nene, nikasema, isiyovuma,
maana juzi harusini Mikindani
taa za mirija zilipowashwa
gitaa lilikoroma kumshinda babu wa bwana harusi.

Akatandika kitambaa.
Hii, sumaku nyeusi ya kauri, elfu tatu:
hupiga kelele kwanza, hodi baadaye.
Hii, koili mbili zimepeana migongo,
mvumo wa mmoja mwenziwe aufuta.
"Ndoa njema," akasema. "Elfu tano na mia mbili."
Mfukoni nina elfu nne mia sita,
na humo humo nauli.

Kisha akashika bisibisi,
akafungua kilichokuwa cha Mjomba Fumo,
aliyepiga hotelini Bamburi miaka kumi na minane
ndani ya shati la maua lisiloruhusiwa kwenda nyumbani.
Skrubu zililia. Chumvi ilikuwa imeshazila vichwa.

Ya daraja, mita haikusema kitu.
Waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele,
umekatikia ndani kwa jasho la watu wawili.
Ya shingoni, elfu sita na mia nane.
"Hii i hai," akasema. "Hai kupita kiasi."
Akaiinua, ingali imening'inia kwa nyaya zake,
akaisemesha kama mtoto aliyelala: "Mwanasiti,"
na spika ya kwenye kona ikaitika, "Mwanasiti,"
kwa sauti ya mtu aliyemo mtungini.

"Ndiyo ikupigiayo mluzi.
Aliyeisuka hakuibana, kila duru yatikisika.
Nikiichovya nta itatulia.
Itasikia nyuzi, basi."

Nta ilikuwa jikoni tayari, yanukia asali iliyoungua.

Nikamkumbuka mjomba
usiku mikrofoni ya hoteli ilipokufa:
aliinua gitaa hadi kinywani
kama mtu anywaye maji kwa kata,
akawatangazia Wajerumani kwamba pweza ameiva.
Walipiga makofi, wakadhani ni muziki.
Mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa, na soda,
na mpaka leo sijui kama alikuwa akicheka.

Bi Mwanasiti hakunihimiza.
Alirudia feni ya madrasa,
midomo ikienda, mia nne na kumi,
mia nne na kumi na moja,
na mtu anayehesabu hakatizwi.

Alipofunga fundo nikasema,
"Darajani tia hiyo ndoa njema.
Mia sita nitaleta Ijumaa. Leo narudi kwa miguu."
"Na shingoni?"
"Usiichovye."
"Itakuumbua mbele za watu."
"Nitasimama mbali na spika."

Akanitazama juu ya miwani, muda,
kama anayepima waya kwa jicho.
Akachukua chaki, akaandika kwenye mfuko wa gitaa:
Mpwa wa Fumo. Deni 600. Shingo isiguswe.

Halafu akanipa ncha ya waya wa Mama Kadzo nimshikie,
akazungusha gurudumu.
Ile pikapu ilikuwa mezani bado, karibu na kidevu chake.
"Moja," akasema.
Na kona ikasema, moja.