Dole Gumba

Baba amekuja karakanani Obunga na kofia yake ya sufi.
Joto hili la Kisumu, na sufi!
Miaka thelathini ya msumeno wa umeme imemla masikio yote mawili,
basi huzungumza kama anayemwita ng'ombe ng'ambo ya mto:
"UNAPIKA NINI?"

Gundi, nikamwandikia kwenye kipande cha boksi.
Mguu wa bandia wa kijana mmoja wa Ahero:
kikombe cha kukalia kigutu, bomba la chuma,
na katikati utandu mwembamba nilioukoroga saa tatu,
chupa kubwa na chupa ndogo.

Yeye zamani alipima kwa dole gumba.
Hubonyeza tone lililofurika ukingoni, hungoja,
hubonyeza tena. Likinata, bado.
Lisiponata, kiti kimekuwa kiti.
Nyumba yetu nzima ina alama za dole hilo,
chini ya meza, nyuma ya kabati,
kote ambako rangi haikufika.

Ila ndani ya kiungo dole haliingii,
na ukikibandua ili uone, umeshakivunja.
Kwa hiyo nimefunga vidude viwili, huku na huku.
Kimoja kinapiga hodi,
kingine kimetega sikio,
na mimi nasoma mstari kwenye skrini.

Mwanzoni hodi ilijikokota
kama mtu avukaye tope la Nyando baada ya mafuriko.
Saa sita mstari ukaporomoka.
Wimbi liliingia, halikutoka.
Baba akanikazia macho: imekufa?

Hapana. Hapa ndipo inapogeuka.
Si maji tena, jiwe bado,
inameza kila inachoambiwa.
(Mimi nilikaa hivyo mwaka mzima baada ya kumzika mama.
Hilo sikuliandika.)

Yeye hakungoja ruhusa. Akabonyeza tone la ukingoni.
Mstari ukashtuka, kibonge kidogo,
ukalala tena.
"LINANATA," akaniarifu, mimi na mtaa mzima.

Saa nane hodi ikaanza kupenya.
Saa tisa ilikwenda mbio.
Kufikia saa kumi mstari ulikuwa umepanda wote,
umenyooka juu kama kamba ya kuanikia nguo.

"SASA HIYO SAUTI YENYEWE IKOJE?"
Sijui, nikaandika. Siisikii.
Hakuna anayeisikia. Hata popo.
Alisoma mara mbili, boksi akilisogeza dirishani,
midomo ikifuata herufi,
kisha akacheka hadi kofia ikadondoka kwenye vumbi la mbao:
"KUMBE TUKO WENGI!"

Jioni nilichukua msasa nilainishe ukingo.
Pale kwenye tone palikuwa na mistari ya dole,
duara ndani ya duara, imegandia humo,
ngumu kama kucha.

Nilisugua pande zote, nikaizunguka.
Kijana wa Ahero hataiona, itakaa ndani ya suruali.
Mguu wa kwanza nimeutoa
wenye sahihi ya fundi asiyeuliza.