Ngeli ya Mto

Muswada uliletwa Chang'ombe umefungwa kwa kamba ya katani,
kurasa mia mbili na kumi, zimepigwa taipu.
Mwandishi: Siwema Kondo, mwalimu mstaafu wa jiografia.
Kazi yangu kusahihisha. Nalipwa kwa ukurasa.

Ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu:
*Mto aliamka kabla ya adhana.*
Nikakata. Pembeni, kwa wino mwekundu: *uliamka*.
Mto, mito. Mtoto wa darasa la nne anajua.

Ukurasa wa pili mto anakohoa.
Ukurasa wa tano anaifikia damu ya machinjio, Vingunguti,
ananuna, anaimeza.
Kufika wa saba nikajiambia ni kosa la chapa:
mama wa watu alitaka *mtu*,
kidole kikaruka i, kikatua kwenye o.
Nikajaribu.
Mtu aliamka kabla ya adhana. Mtu alikohoa.
Mtu alibeba ndara, chupa, mzoga wa mbwa,
akavipeleka vyote kwenye mikoko bila kuuliza ni vya nani.
Ikawa riwaya ya kawaida, ya maskini fulani.

Bwana Lyatuu, mhariri, alisema kitabu hakina mhusika mkuu,
hakina sura, jana inakuja baada ya keshokutwa,
na sentensi moja inaanzia kwenye koleo la mchimba mchanga
ikaishia, kurasa kumi na moja mbele,
ndani ya tumbo la kambale.
"Wasomi wanauita mkondo wa fikra," akasema.
"Mkondo nimeuona."
Nikacheka. Ndiye anayenilipa.

Usiku nilihesabu. Mto, mara mia nne na sita.
Watu wenye majina, wawili:
Semeni, anayemwagilia mchicha, na Dilunga wa koleo.
Wanatajwa kama sisi tunavyoitaja mvua,
ili ukurasa uwe na hali ya hewa.
Na kumbe hawa ndio waliopewa *u*:
*Semeni ulipita. Dilunga ulichota, ukaondoka.*
Mto na watu wameazimana viambishi
kama mashoga wanavyoazimana khanga.
Hapo nami nilikata. Nilikata kote.

Nakaa Kigogo, nyumba ya tatu kutoka bondeni.
Masika, saa nane usiku, umeme umekatika,
nikasikia mlango unasukumwa, kwa bega, si kwa mkono.
Hakubisha hodi.
(Nimeandika *hakubisha*. Naona.)
Aliingia hadi magotini, akaizunguka meza,
akatuletea vyetu, ndara, chupa,
rangi ya bluu ya kiwanda kisichokiri kuwa ni yake,
kama jirani anayerudisha sufuria.
Mto wangu wa kulalia ulielea juu ya mto.
Mke wangu akashika taa, akasema tu,
"Amefika."
Naye hajasoma ukurasa hata mmoja.

Muswada ulikuwa droo ya chini.
Asubuhi nilizianika kurasa kwa vibanio,
katikati ya magodoro ya mtaa mzima.
Taipu ya Siwema ilishika.
Wino wangu ulichuruzika, waridi, hadi ukingoni,
si wote, lakini nilishindwa kujua
lini nilikuwa nimesahihisha na lini nilikuwa nimelowa.

Bwana Lyatuu amepiga simu mara mbili.
Namwambia bado.
Chini ya kila *a* niliyoikata naweka nukta,
alama yetu ya zamani: acha kama ilivyo.
Nimefika ya mia na tisini.
Nukta hazilipwi.
Za Semeni na Dilunga sijajua nizifanyeje;
nimewaacha kwanza, na *u* yao,
wapite.

Jua limetoka. Bondeni mtu anakohoa,
au niseme, bondeni kuna anayekohoa,
na ukurasa wa tano, juu ya kamba,
bado unadondosha.