Tawi la Mwisho

Cheti changu kiko ukutani, mchwa wamekula ukingo wa kushoto:
Fundi wa Kupasha Nyumba Joto,
kwa lugha ambayo Wete nzima
hakuna wa kuisoma ila mie, na mie naisahau.

Niliporudi na sanduku la spana
Mbarouk muuza mafuta ya taa alicheka hadi akakaa chini:
"Joto? Joto tunalo bure.
Ungesomea kulipunguza."
Hakukosea. Miaka thelathini na sita
nimekula kwa friji za watu,
kwa koki zinazovuja, kwa matangi ya misikiti.

Lakini kuna kipupwe.
Kuna alfajiri za mwezi wa saba
sakafu ya saruji inapouma nyayo,
na kuna baridi nyengine, isiyojua majira,
baridi yabisi,
iliyopiga kambi viungoni mwa Mwanakombo
vidole vikavimba kama tangawizi mbichi,
kifungo cha gauni kikawa mlima.

Juu ya paa tuna tangi la jua, mwanangu kalileta.
Nikashusha bomba la shaba, nikalikunja mara saba,
nikalisimamisha ubavuni mwa kitanda chake:
rejeta, ya kwanza kuitengeneza tangu ujana,
na pampu ndogo inayokoroma kama paka.
Usiku ule aliigusa
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
"Kumbe hiki ndicho ulichokwenda kusomea."

Ng'ambo ya ukuta, Saada akakohoa.

Akakohoa siku tatu, kikohozi kile kile.
Asubuhi ya nne chai yangu haikuwa na sukari.
Nikafahamu. Nikakata bomba, nikatia tii,
nikazungusha katani kwenye uzi, nikakaza,
nikafikisha tawi hadi chumba cha nyuma.
Rejeta ya Saada ikalala baridi kama samaki wa jana.
Nikatoa hewa: ikafoka, ikabeua,
ikatema maji meusi kikombeni.
Juu vuguvugu. Chini, hamna kitu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwalimu wangu,
kucha zake nyeusi za masizi, theluji dirishani:
Maji ni mavivu, hufuata njia fupi.
Aliye karibu atayanywa yote.
Usiongeze moto. Mbane wa kwanza,
ndipo wa mwisho atapata.

Mbane wa kwanza.
Ni rahisi kumwambia chuma.
Nilisimama na spana mbele ya koki ya Mwanakombo,
miaka arobaini ya ndoa, na yeye kafumba macho
usingizi wa uongo ninaoujua.
Nikakaza robo ya mzunguko. Hata robo haikutimia.
Nikachora alama kwa msumari, nikatoka
kwa ncha za vidole, kama mwizi wa kuku.

Kabla ya adhana nilikwenda kupapasa.
Ya Saada ilikuwa moto juu hadi chini,
mwenyewe mguu mmoja nje ya blanketi, anakoroma.
Ya Mwanakombo, uvuguvugu tu.
Nikainama na tochi:
koki imeipita alama yangu
nusu mzunguko mzima.

"Nani kaigusa hii?"

Akageukia ukutani,
vidole vyake kavificha kwapani.
"Maji yana mambo yao," akasema.
"Lete chai.
Na Saada mwambie atie sukari."