Amepona

Kadi yangu ina mhuri wa buluu: AMEPONA.
Nesi Gleide aliupuliza wino ukauke,
akanipigia makofi peke yake mle zahanatini.
Niliona haya, nikaangalia mizani ya watoto.
Miezi kumi na miwili, paketi kumi na mbili,
vidonge vilivyonipaka rangi ya tofali bichi
na kuugeuza mkojo wangu mvinyo.
Basi, yamekwisha. Nikarudi Santa Zita kwa miguu.

Ukoma umetoka, Jussara,
ila umetoka kama mpangaji mbaya:
kaondoka na taa, kaondoka na vitasa,
na mlango wa jicho la kushoto kauacha wazi.
Halifumbi. Nikilala linakodolea dari,
asubuhi nalikuta lina mchanga.

Wiki ya saba baada ya makofi
mwili ulilipuka vinundu vyekundu, vya moto,
kiwiko kikapiga kelele usiku kucha.
Nikajua umerudi. Nikaificha kadi chini ya godoro
kama mtu aliyeshikwa na hati bandia.
Daktari wa mjini, kijana, hata ndevu hazijamjaa, akasema:
Haujarudi, Dona Zulmira. Vijidudu vimekufa.
Ni mwili wako unaopigana na maiti zao.
Nikamuuliza: na nani atauambia kuwa vita vimekwisha?
Akaandika dawa nyingine.
Uso ukanivimba, mashavu yakang'aa,
na Dejanira, Mungu amsamehe, akaropoka kisimani:
Umenawiri, mwenzetu! Maisha yamekunyookea!

Kazi yangu unaijua. Nakaa chini,
shoka chini ya goti, makali juu,
naweka tunda la babasu, nashusha rungu,
paa! Kokwa tatu, siku njema nne.
Miaka arobaini mkono ulijiendea wenyewe.
Sasa hauniambii kitu.
Kidole kimoja hakivunji chawa;
mimi ninavyo vitano, vimejikunja
kama vya kuku aliyekwisha chinjwa,
na chawa wanastarehe.

Siku ile jikoni nilisikia harufu ya nyama.
Jumanne! Nani kachinja Jumanne?
Nikachungulia dirishani nimtanie Dejanira.
Ilikuwa mimi.
Kiganja kilikuwa kimeegemea sufuria.

Maji ya moto hayachomi nyumba.
Nyumba sijui. Mguu wangu yaliuchoma
nikiwa katikati ya wimbo.

Ndiyo maana jioni nakuita.
Wewe kwanza chovya kiwiko beseni,
unambie kama ni vuguvugu, usinidanganye.
Naloweka, nasugua sugu kwa jiwe, napaka mafuta,
kisha unawasha tochi ya simu ya mama yako
na kuzisoma nyayo zangu kama kitabu cha shule:
hapa pana ufa, hapa pekundu,
hapa, bibi, pana kipande cha kifuu,
umekikanyaga tangu lini?

Sikujua. Sakafu ndiyo iliyojua,
matone kutoka mlangoni mpaka kwenye mtungi.
Wewe ulilia. Mimi haikuuma.
Maumivu nilikuwa nikiyalaani zamani;
leo ningeyalipa mshahara yarudi zamu.

Alhamisi tulikwenda kuomba viatu vya soli laini.
Karani akateremsha kidole daftarini,
akalikuta jina langu limekatwa kwa rula.
Mama, viatu ni vya wagonjwa.
Nikamwonyesha unyayo. Akaangalia pembeni.
Nikamwonyesha kadi. Akafurahi:
Unaona? Umepona!

Njiani hukusema neno mpaka mtoni,
hapo ukaniuliza kama mhuri unafutika.

Sijui, mjukuu wangu. Nifunge kitambaa jichoni,
taratibu, fundo lisikae juu ya sikio.
Kesho tena, baada ya shule.
Anza na kisigino.