Mkono wa Bi Mize

Saa tisa ya usiku
nimeinamia buku,
ni hivi siku kwa siku,
sijui jua na mwezi.

Chumba changu Kikwajuni
feni lalia darini,
mbu yumo sikioni,
huyo ndo wangu mlinzi.

Kahawa kali na chungu,
kikombe cha tano changu,
ukadunda moyo wangu
mbio mbio kama mwizi.

Na mada ya mtihani,
wataka kujua nini?
Ni ubongo kitandani,
hatua za usingizi.

Nimezihifadhi zote,
nikazimeza na mate,
hata moja nisipate:
kulala ndiko siwezi.

Kutoka Wete kwa simu
Mama hunipa salamu:
"Walala, au ni zamu?"
"Nalala, Mama mpenzi."

Katuma kapu kwa boti,
na halua, na chapati.
Nimekula nimeketi,
ladha yake kama uzi.

Saumu, tunayepanga,
hunambia: "We mganga,
hujitibu? Hilo janga!"
Akoroma, kinywa wazi.

Asubuhi naingia
wodi, koti nimetia,
kifungo kimesalia;
anicheka muuguzi.

Kitanda cha namba sita
Bi Mize kasema: "Pita."
Mshipa nikatafuta
ngozini, kwenye kunyanzi.

Moja, mbili, tatu, nne,
saa yangu niione,
kumi na saba, na nane…
kisha akapita mwizi.

Nikazinduka ghafula,
shavu langu limelala
kwenye shuka lake, wala
hakunisukuma mwenzi.

Vidole vyangu vilipo
mkono wake u hapo,
haukusogea papo
hadi umekufa ganzi.

Nikaanza kumuomba
radhi, koo limevimba.
"We ulikuwa wayumba,
nikageuka mlinzi.

"Miye silali, mwanangu,
tangu kufa mume wangu;
leo, kwenye shuka langu,
nimehesabu pumzi.

"Zako, moja moja, pole,
mia tatu, kisha zile
za mwisho, sikwenda mbele:
nikapata usingizi."

Kwenye karatasi yake,
mapigo, mahali pake,
nikaona niandike
sabini? Huo ni wizi.

Nikaanza moja tena,
kiti sitaki kuona.
Themanini. Yeye ana
tabasamu, mimi chozi.

Mtihani? Nilipita
kwa hamsini na sita.
Swali moja lanisuta:
"Nini dawa, mwanafunzi?"

Dawa ya kukosa lepe
niliiacha nyeupe.
Jibu gani nikampe
msahihishaji kazi?

Usiku, tena ni simu:
"Walala, au ni zamu?"
Mama, leo nina hamu
ya kukwambia: siwezi.