Karibu, Hasa

Tangazo niliandika mimi, ofisini, mjini Antrim,
mvua ikipiga bati la karakana ya mabasi:
Anatakiwa msimamizi wa zamu, mstari wa uchomeleaji.
Chini kabisa, wakili aliponisukuma, nikaongeza:
Maombi ya Wakatoliki yanakaribishwa, hasa.

Silabi mbili tu.
Des McKeag alizisoma ubaoni, glavu zingali mkononi,
akaja mlangoni pangu akinuka chuma:
"Hasa. Na mimi je, nakaribishwa kidogo?"

Babu yake aliunga fremu humu, babake akaunga,
naye ana kovu la cheche shingoni, la mwaka wake wa kwanza.
Hajawahi kuambiwa karibu.
Ya nini? Alizaliwa karibu.

Babake Fiachra Devlin alifika getini mwaka wa sabini na nne.
Aliulizwa alisoma shule gani.
Shule tu.
Jina la mtakatifu likamtoka mdomoni
na geti likajifunga pole, bila kelele,
maana bawaba zetu tulizitia mafuta.
Siku hiyo hakuna aliyeandika "hasa" popote.

Basi tukaficha majina, vyuma tukavipa namba.
Mkaguzi akaikunja mishono chini ya shinikizo,
sikio kalitega, asikie upi utalia.
Namba nne haukulia.
Namba nne ni Rasa, wa Kaunas,
aliyebatizwa Mkatoliki, na kwenye fomu yangu
akatia alama "si huku wala si kule",
akasema ugomvi huo aliukuta, hakuuleta.
Kwenye usaili alitafuta neno kwa sekunde sita.
Nilizihesabu. Tulimkata alama sita.

Kazi akapata Fiachra, alama mbili juu ya Des.
Nimezijumlisha mara tatu,
na usiku, kitandani, mara ya nne.
Des aliikunja barua akaitia kwenye kopo la chakula,
kando ya mkate.
Fiachra alivaa koti la bluu,
na saa ya chai mtu akaita, "Hasa!"
Meza mbili zikacheka, hata ile ya kwao.
Sasa ndilo jina lake.
Hasa, lete funguo. Hasa, gesi imekwisha.
Anaitika. Anatabasamu upande mmoja.

Mjomba wangu Norman hukaza ngoma za Julai,
ngozi ya mbuzi, kamba, magoti mawili.
Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake,
lakini nimemtazama: akishavuta hugonga ukingoni,
husikiliza, huzunguka upande wa pili,
huvuta huko pia, hugonga tena,
Jumamosi nzima, mpaka sauti ifanane.
Kisha unyevu huingia, na ngozi hulegea.

Ndiye aliyeniombea kazi hii.
Simu moja, dakika tatu, mwaka wa tisini na sita.
Hakuna fomu iliyonihesabu,
hakuna mtu aliyenibandika jina wakati wa chai.
Hili sijamwambia Des.
Fiachra nadhani anajua.

Leo naandika tangazo la mtunza bohari.
Nimefika mstari wa chini, kalamu imesimama.
Rasa amepita dirishani, kofia ya moto kaipandisha kichwani,
akasoma kichwa chini miguu juu,
akaniuliza, polepole, sekunde zake sita,
kama neno hili lina wingi.